Vijiti vya nano vya oksidi ya zinki: kuotesha kwenye maji ya nyuzi 90

Chukua bika lenye mililita 200 za mmumunyo, ukolezo wa zinki ukiwa milimoli 25 kwa lita. Zinki yote iliyomo, ikigeuka kuwa oksidi, inatoa takriban gramu 0.41. Sasa tumbukiza kipande cha kioo cha sentimita 2 kwa 2.5 na ukioteshe vijiti vyenye urefu wa maikromita 2, vilivyosongamana kiasi cha kufunika nusu ya eneo. Vijiti vyote hivyo kwa pamoja vina uzito wa miligramu 2.8 tu. Chini ya asilimia 1 ya zinki imefika ulipoitaka. Iliyobaki ama bado imo majini, ama imegeuka unga mweupe uliotuama chini ya bika.

Hesabu hiyo ndogo inaeleza karibu kila kitu kuhusu kazi hii. Kuotesha vijiti vya oksidi ya zinki kwenye maji hakudai mashine ya gharama wala ombwe, na joto halifiki hata kiwango cha kuchemka. Kinachodaiwa ni kuishawishi zinki iende kwenye kioo badala ya kujikusanya yenyewe katikati ya maji. Kila kanuni utakayoisoma hapa chini, kuanzia mbegu, usafi na mkao wa kioo hadi kasi ya kupasha moto, ni sehemu ya ushawishi huo.

Kwa nini fuwele hii hurefuka

Oksidi ya zinki hujipanga katika muundo uitwao wurtziti. Umbo lake ni mche wa pembesita, na lugha yetu ina bahati hapa, kwa kuwa mche ni umbo la hisabati na pia ni mmea mchanga unaochipua. Kipimo cha msingi cha fuwele ni nanomita 0.325 kwa upana na 0.521 kwa kwenda juu. Ncha moja ya mche huishia na atomu za zinki zenye chaji chanya, ncha ya pili huishia na oksijeni yenye chaji hasi, na pande sita za ubavuni zina zinki na oksijeni kwa idadi sawa, hivyo zimetulia. Ncha zenye chaji hazina utulivu huo: zina nishati nyingi na hupokea malighafi haraka kuliko ubavu. Fuwele ikiachwa ikue polepole hurefuka yenyewe. Kazi yako ni kutoivuruga.

Mwaka 2003 mtafiti Lionel Vayssieres alionyesha jinsi unene wa vijiti unavyofuata ukolezo. Kwa mmumunyo wa moli 0.1 kwa lita vipenyo vilifika maikromita 1 hadi 2, kwa moli 0.01 vikashuka hadi nanomita 100 hadi 200, na kwa moli 0.001 vikawa nanomita 10 hadi 20. Mwaka huohuo kundi la Peidong Yang la Berkeley, Marekani, likaonyesha kuwa bamba zima la silikoni linaweza kuoteshwa kwa mpigo mmoja endapo limepakwa mbegu kwanza. Watu wengi wanaofanya kazi hii leo wanatembea kwenye mojawapo ya njia hizo mbili, au wamezichanganya.

Mbegu ndizo zinazoamua

Kioo kitupu hakipendwi na oksidi ya zinki. Kikiingizwa majini bila mbegu, utapata mashada machache yaliyotawanyika kama maua, na unga mwingi. Mbegu ni fuwele ndogo za oksidi ya zinki zenye upana wa nanomita 5 hadi 20, zilizoshikamana na kioo, na kijiti huendeleza mpangilio ule ule wa mbegu iliyo chini yake. Mbegu iliyolala kwa ulalo hutoa kijiti kilichoinama. Ukiona vijiti vimeelekea kila upande, usilaumu maji ya kuoteshea. Rudi kwenye mbegu.

Anza na usafi. Kabla ya yote, chora alama ndogo kwa kalamu ya almasi kwenye kona ya upande wa nyuma, kwa sababu mbegu zikishakauka hazionekani kwa macho na kioo kilichogeuzwa kimakosa kitakupotezea siku nzima. Kama kioo kina tabaka linalopitisha umeme, kwa mfano oksidi ya bati yenye florini, tafuta upande wake kwa mita ya umeme: upande sahihi utasoma makumi machache ya omu. Osha kwa maji ya sabuni, kisha asetoni, kisha isopropanoli, dakika 15 kila hatua ndani ya beseni la mawimbi ya sauti. Malizia kwa dakika 15 hadi 20 chini ya taa ya urujuanimno yenye ozoni ikiwa ipo. Kipimo cha usafi ni tone la maji: likitandaa kama utando, endelea, likijikunja kama shanga, bado kuna mafuta, na kila doa la mafuta litakuwa kipara.

Mmumunyo wa mbegu ni asetati ya zinki yenye maji mawili ya fuwele, gramu 0.055 ndani ya mililita 50 za ethanoli kavu, yaani milimoli 5 kwa lita. Koroga kwa nyuzi 50 hadi 60 chombo kikiwa kimefunikwa, hadi uwe mwangavu kabisa. Ukianza kuwa na ukungu baada ya siku kadhaa, mwaga utengeneze mwingine. Ukungu huo maana yake ni kwamba chembe zimeanza kujiunda ndani ya chupa, na hizo hazitashika vizuri kwenye kioo.

Dondoshea mmumunyo hadi ufunike uso wote, subiri sekunde 10, suuza kwa ethanoli safi, kisha kausha kwa mkondo wa nitrojeni. Rudia mara 3 hadi 5. Halafu pasha kioo moto hewani kwa nyuzi 350, dakika 20, ili asetati ivunjike na kubaki oksidi. Mzunguko wote huo, kupaka na kupasha, ufanyike mara mbili.

Hatua ya kusuuza ndiyo wengi huiruka, kwa kudhani kwamba inaondoa walichokwisha kukipaka. Inaondoa kweli, na ndiyo faida yake. Kinachobaki baada ya kusuuza ni tabaka jembamba lililoshikana na kioo chenyewe. Ukiliacha tone likauke lilivyo, chumvi hukusanyika ukingoni kwa umbo la pete, tabaka nene hupasuka linapochomwa, na vijiti vitakavyoota juu yake vitabanduka pamoja nalo wakati wa kuosha. Jihadhari pia na hewa yenye unyevu mwingi: ethanoli inapokauka hupoza kioo, mvuke hutua juu yake, na alama nyeupe hubaki. Dawa yake ni kupasha kioo kidogo, nyuzi 40 hivi, kabla ya kudondoshea.

Njia nyingine zipo. Kuna ya kuzungusha kioo kwa kasi ya mizunguko 3000 kwa dakika kwa kutumia mmumunyo mzito wa asetati ndani ya methoksiethanoli pamoja na monoethanolamini. Inatoa tabaka sawia sana, lakini methoksiethanoli inadhuru uzazi, na kwa kazi nyingi ethanoli inatosha. Sioni sababu ya kuikimbilia. Kwa plastiki zisizohimili nyuzi 350, hutengenezwa chembe za oksidi ya zinki mapema, asetati na hidroksidi ya sodiamu ndani ya methanoli kwa nyuzi 60, kisha hupakwa na kukaushwa kwa nyuzi 150 au chini yake. Chembe hizo hutua zikiwa zimeelekea popote, kwa hiyo vijiti huinama zaidi. Anayetaka vijiti vilivyosimama wima kabisa hutumia tabaka lililorushwa kwa plazima, au fuwele moja ya nitridi ya gali, ambayo vipimo vyake vinakaribiana na vya oksidi ya zinki kwa tofauti ya takriban asilimia 2 tu.

Msongamano wa mbegu una upande wa pili unaosahaulika. Vijiti vyenye umbali wa nanomita 100 kutoka kimoja hadi kingine ni bilioni 10 kwa kila sentimita ya mraba. Vikisongamana hivyo, vijiti vilivyoinama hugonga jirani na kusimama kukua, na vilivyo wima peke yake ndivyo huendelea. Kwa hiyo shamba lililobanana hujinyoosha lenyewe kadiri linavyopanda juu. Ukitaka vijiti vichache vyenye nafasi, kubali kwamba baadhi vitainama.

Maji ya kuoteshea

Kwa mililita 200, pima gramu 1.49 za nitrati ya zinki yenye maji sita ya fuwele na gramu 0.70 za heksamethilinitetramini, ambayo hapa nitaiita heksamini. Hiyo ni milimoli 25 kwa lita kwa kila moja. Nitrati ya zinki hunyonya unyevu hewani kwa pupa. Ikiwa imeganda kama sukari iliyolowana, sehemu ya unachopima ni maji, na ukolezo wako utakuwa chini ya ulioandika daftarini. Ipime haraka na ufunge chupa. Yeyusha kila moja peke yake ndani ya mililita 100 za maji, kisha changanya, kisha chuja kwa kichujio cha maikromita 0.2 au 0.45. Vumbi lolote lililobaki majini ni mbegu usiyoitaka.

Maji yawe yaliyoondolewa ayoni, yale yenye ukinzani wa umeme wa megaomu-sentimita 18.2. Yachemshe dakika 10 na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa kabla ya kuyatumia. Kufanya hivyo hufukuza hewa iliyoyeyuka, na kwa hilo peke yake utakuwa umezuia nusu ya vipara vya mviringo ambavyo huonekana kwenye vioo vya wanaoanza. Kipara cha mviringo chenye ukingo mkali ni alama ya kiputo cha hewa kilichotulia hapo wakati vijiti vya jirani vikiota.

Heksamini ndiyo inayofanya mmumunyo huu uwe mpole. Inapopashwa moto huvunjika kidogokidogo: molekuli moja, ikiungana na molekuli sita za maji, hutoa formaldehidi sita na amonia nne. Amonia huleta hidroksidi, hidroksidi hukutana na zinki, na oksidi huzaliwa. Ungetia hidroksidi ya sodiamu moja kwa moja, yote ingefika kwa wakati mmoja na mmumunyo ungegeuka maziwa papo hapo. Heksamini huitoa kwa vijiko. Hata hivyo formaldehidi ni sumu, kwa hiyo kazi hii ifanywe chini ya kofia ya kuvuta hewa, hasa unapofungua kifuniko cha chombo kikiwa moto.

Chumvi ya zinki nayo ina neno. Nitrati ndiyo mwanzo mzuri. Kloridi huwa na tabia ya kutoa mabamba membamba ya hidroksikloridi ya zinki, na asetati katika joto la chini hutoa tabaka za hidroksidi zenye umbo la karatasi. Ukiona chini ya hadubini vipande bapa vya pembesita badala ya vijiti, angalia mambo matatu: chumvi uliyotumia, joto ambalo halikufika, na sitrati iliyoingia kutoka kwenye chombo ambacho hakikuoshwa vizuri. Sitrati hung'ang'ania ncha ya mche na kuizuia isirefuke, kwa hiyo fuwele hutanuka ubavuni.

Ukolezo wa milimoli 25 si amri. Kushuka hadi 10 kunapunguza unga na kutoa vijiti vyembamba zaidi, ila vifupi. Kupanda hadi 50 au 100 kunanenepesha vijiti hadi vinashikana na kuwa kama sakafu. Mimi ningebadilisha ukolezo kabla ya kubadilisha joto, kwa sababu matokeo yake yanatabirika zaidi.

Kupasha moto

Joto linalofaa ni nyuzi 85 hadi 95. Chini ya 60 heksamini huvunjika polepole mno na utasubiri bure. Kama maabara iko nyanda za juu, kumbuka kwamba maji huchemka mapema: kwenye mwinuko wa mita 2000 yanachemka kwa nyuzi 93 hivi. Ukiweka kipimo kwenye 95 mahali kama hapo, maji yatatokota na viputo vitaharibu kila kitu. Weka 85 na uongeze muda.

Namna ya kufika nyuzi hizo ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Oveni ya hewa hupasha chupa ya mililita 200 taratibu sana, ikichukua hadi saa nzima, na kila oveni ina mwendo wake. Hii ndiyo sababu kubwa ya maabara mbili kutumia maelekezo yale yale ya maandishi na kupata urefu tofauti: zote mbili zimeandika "saa 2 kwa nyuzi 90", lakini moja ilianza kuhesabu maji yakiwa ya uvuguvugu. Chupa iliyozamishwa ndani ya beseni la maji lililokwisha kupashwa hufika haraka zaidi na kwa mwendo unaorudiwa. Chomeka kipimajoto ndani ya mmumunyo wenyewe, si ndani ya beseni, na anza kuhesabu kuanzia nyuzi 80.

Je, kioo kiingie maji yakiwa baridi au moto? Kikisubiri hadi maji yawe moto, unga utakuwa umeanza kuzaliwa na utakuwa umekula zinki ya kwanza, ambayo ndiyo bora. Kikiingia mapema mno, kina hatari nyingine: mmumunyo baridi una asidi kidogo, na mbegu nyembamba huweza kuyeyuka humo. Jibu la kati ndilo zuri. Changanya, chuja, tumbukiza kioo, na dakika hiyohiyo chupa iingie kwenye beseni la moto. Usiache kioo kikae usiku kucha kwenye mmumunyo baridi kikisubiri asubuhi. Kwa sababu hiyohiyo, usiloweke kioo chenye mbegu kwenye mmumunyo wa nitrati peke yake kabla heksamini haijaongezwa.

Mkao wa kioo: upande wenye mbegu uangalie chini, kioo kikiegemea ukuta wa bika kwa ulalo. Unga unaozaliwa majini hushuka, na kioo kinachoangalia juu huupokea wote kama vumbi juu ya meza. Lakini usikilaze kifudifudi chini ya bika, maana hapo maji mapya hayafiki na vijiti vya katikati vitakuwa vifupi kuliko vya ukingoni. Ulalo wa nyuzi 45 hadi 70 unaruhusu hata viputo kuteleza na kutoka. Shikilia kioo kwa kibanio cha tefloni. Vibanio vya chuma au shaba vikiwa wazi humwaga ayoni zao majini. Maji yakifika nyuzi 70 hivi, gonga chupa taratibu kwa kidole ili viputo vilivyoshika vitoke. Sekunde 10 za kugonga zinaokoa sampuli nzima.

Ndani ya saa ya kwanza maji yatakuwa na ukungu. Usishtuke, ila tambua kwamba kuanzia hapo vijiti vinashindana na unga kwa zinki ileile, na unga una eneo kubwa zaidi. Ukuaji huwa wa kasi mwanzoni, kisha hulegea. Baada ya saa 2 au 3 kinachoongezeka ni kidogo. Kukiacha kioo saa 12 kwenye maji yaleyale hakukupi vijiti virefu mara sita. Ukitaka urefu, badilisha maji: kila baada ya saa 2.5 hamishia kioo kwenye mmumunyo mpya, haraka na kikiwa bado kimelowa. Kikikauka katikati ya safari, ncha hupata utando na duru inayofuata huota kwa mwili mwembamba juu ya ule wa kwanza, kama kalamu iliyochongwa.

Kuongeza urefu bila unene

Nyongeza mbili ndizo zinazofaa kujifunza kwanza. Ya kwanza ni polietilinimini yenye matawi na molekuli fupi, ya uzito wa takriban 800. Hushika ubavu wa vijiti na pia huifunga zinki majini, hivyo vijiti hurefuka bila kunenepa, na unga huchelewa kuzaliwa. Hapa kuna mtego mbaya wa vipimo. Maelezo mengi husema "milimoli 5 kwa lita" bila kusema milimoli ya nini. Ukihesabu molekuli nzima ya 800, mililita 100 zinahitaji gramu 0.4. Ukihesabu kipande kinachojirudia cha 43, zinahitaji gramu 0.02 tu. Tofauti ni karibu mara 19. Ikizidi, haioteshi kitu na mbegu zinaweza kuliwa. Andika daima kwa gramu kwa lita, anza na kidogo, na panda kwa hatua.

Ya pili ni amonia. Ukiongeza moli 0.3 hadi 0.5 kwa lita, zinki hufungwa kama changamano na amonia, na maji hubaki mwangavu kwa saa nyingi huku vijiti vikiendelea kuota kwenye kioo. Kwa mililita 100, moli 0.4 ni takriban mililita 2.7 za amonia ya asilimia 28. Kimiminika huingia ukungu mweupe kidogo unapoanza kuitia, kisha husafika ukiendelea kukoroga; usianze kupasha kabla hakijasafika. Faida yake inakuja na sharti: katika maji haya oksidi ya zinki huyeyuka zaidi yakiwa baridi kuliko yakiwa moto. Kwa hiyo kioo kikiachwa ndani wakati chupa inapoa, maji yaleyale yaliyootesha vijiti huanza kuvila. Ncha huchongoka, na wakati mwingine kiini huliwa kwanza na kijiti hubaki mrija.

Kuvuna na kukausha

Toa kioo kikiwa moto, hata kama hukutumia amonia. Kukiacha kipoe ndani ya chupa hukuletea mashapo ya mwisho yenye umbo lisilo la vijiti. Suuza mara moja kwa maji ya uvuguvugu yaliyoondolewa ayoni, ukiyaelekeza yateleze juu ya uso, si kuupiga. Chembe zilizotua juu huondoka hapa. Zikikauka hazitoki tena. Anayetaka kutumia beseni la mawimbi ya sauti atumie sekunde 5 hadi 10 tu, la sivyo atavunja vijiti virefu.

Kukausha kuna hasara yake kwa vijiti virefu na vyembamba. Maji yanapokauka huvuta ncha pamoja, na shamba hugeuka vichaka vilivyofungwa kileleni kama matita ya nyasi. Suuza ya mwisho kwa ethanoli hupunguza mvuto huo, kwa kuwa mvutano wa uso wake ni chini ya theluthi moja ya ule wa maji. Vijiti vya maikromita 1 au 2 vyenye kipenyo cha nanomita 80 havina shida. Vya maikromita 10 vyenye nanomita 50 vitashikana karibu kila mara, usipotumia ukaushaji wa kaboni dioksidi kwa shinikizo kubwa.

Baada ya hapo, nyuzi 350 hadi 450 hewani kwa dakika 30 huondoa mabaki ya heksamini na polietilinimini. Kama vijiti vitatumika kwenye seli ya jua au kipima gesi, usiiache hatua hii, maana mabaki hayo hukaa juu ya uso ambao ndio unaofanya kazi.

Kusoma ulichopata

Kabla ya hadubini ya elektroni, macho yanaweza kueleza mengi. Shamba zuri huonekana kama ukungu mwembamba ulio sawa, weupe wenye ubuluu kidogo, na halifutiki kwa kidole chenye glavu kikipita taratibu. Weupe mzito unaofutika ni unga. Mistari inayokwenda mlalo ni alama ya maji yaliyopungua kwa mvuke, yaani kifuniko hakikukaa.

Kwenye eksirei za kupimia fuwele, kwa mnururisho wa shaba, tafuta kilele kwenye pembe ya nyuzi 34.4. Hicho ni cha uso wa (002), yaani ule unaolingana na ncha ya mche, na kikitawala huku vilele vya 31.8 na 36.3 vikiwa vidogo sana, vijiti vimesimama. Lakini kama kioo chako kina oksidi ya bati, yenyewe ina kilele kwenye 33.9 hivi, na macho ya haraka huvichanganya. Pima kioo kitupu kwanza, kisha uweke mstari mmoja juu ya mwingine. Kwenye kipimo cha mwanga ambao vijiti hutoa vikimulikwa kwa urujuanimno, kilele chembamba karibu na nanomita 380 ni cha oksidi ya zinki yenyewe, ambayo pengo lake la nishati ni elektroni-volti 3.37, wimbi pana la kijani hadi rangi ya chungwa hutoka kwenye kasoro za fuwele, na mara nyingi hubadilika baada ya kuchoma.

Kwa hadubini ya elektroni, usiridhike na picha ya juu. Vunja kioo na utazame ubavuni. Picha ya juu ya vijiti vya nanomita 300 kwa urefu na ya vijiti vya maikromita 3 zinaweza kufanana kabisa.

Kilichobaki ni chombo. Kuta za bika sasa zina fuwele za oksidi ya zinki ambazo hazionekani likiwa limelowa, na ukilitumia tena hivyo, zitakula zinki ya duru ijayo kabla kioo chako hakijapata fungu. Zungusha ndani yake asidi asetiki ya asilimia 5, iache dakika 10, suuza mara tatu, kausha, kisha liinue kwenye mwanga. Maji ya asidi hiyo na mmumunyo uliokwisha viingie kwenye chupa ya taka zenye metali, kwa kuwa zinki iliyoyeyuka huua viumbe wa majini. Kama bado kuna utando kwenye bika, rudia.